Chombo cha Muziki Kinapogandisha Kompyuta

Bila shaka mmekwisha kuketi. Kila msimamizi wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu ya Kiingereza, kwa herufi kubwa: ERASE, RESTORE, FORMAT. Yaacheni hapo. Tutayarudia.

Somo la leo ni juu ya taabu moja inayowasumbua watu wengi. Mtu anaunga chombo chake kidogo cha muziki na kompyuta kwa waya. Mara programu ya muziki inaganda. Hata abonyeze mara kumi, haijibu. Akichomoa waya, programu inapona. Akiurudisha, inaganda tena.

Tuchukue mfano wa iPod, chombo cha kampuni ya Apple ya Marekani. Ya kwanza ilitolewa mwaka 2001, nayo iliweza kuchukua nyimbo zipatazo 1,000 katika diski ndogo inayozunguka. Iliacha kutengenezwa mwaka 2022, lakini nyingi bado zimo mikononi mwa watu. Leo tutasema juu ya zile zenye diski ya kuzunguka na gurudumu la kubonyeza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2004, zikiungwa na kompyuta ya Windows. Programu yake huitwa iTunes.

Kwa nini programu huganda? Mfikirie karani aliye dirishani. Mtu anauliza: bohari ina magunia mangapi? Karani anamtuma tarishi akahesabu. Tarishi harudi. Karani anamngoja, na watu wote katika mstari wanangoja pamoja naye. Karani si mgonjwa. Amekwama kwa sababu ya tarishi.

Ndivyo ilivyo hapa. Ukiunga iPod, iTunes huiuliza: una nyimbo gani? Nafasi iliyobaki ni kiasi gani? Ili ijibu, iPod lazima isome diski yake. Ikiwa sehemu ya diski imeharibika, hujaribu kuisoma tena na tena. Ikiwa waya ni mbovu, jibu hupotea njiani. Wakati huo wote iTunes inangoja. Basi, usiseme upesi kwamba programu ndiyo yenye kosa.

Kosa laweza kuwa mahali pane: katika waya, katika tundu la kompyuta, katika iPod, au katika kompyuta yenyewe. Kanuni yetu ni hii: badili kitu kimoja tu kila mara. Ukibadili viwili pamoja na mambo yakatengenea, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Kwanza, sikiliza. Weka iPod karibu na sikio. Ikigonga ta, ta, ta, diski inakaribia kufa. Usiendelee na majaribio. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya tano.

Pili, tazama umeme. Tundu la USB la namna ya 2.0 hutoa umeme usiozidi miliampea 500. Tundu lililo katika kibao cha herufi huenda likatoa mdogo zaidi. Unga iPod katika tundu la kompyuta yenyewe, uiache nusu saa ipate nguvu. Kisha jaribu tundu jingine. Kisha jaribu waya mwingine.

Tatu, iamshe iPod upya. Sukuma swichi ya juu, iitwayo Hold, ifunge, kisha uifungue. Halafu bonyeza Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja. Shikilia mpaka alama ya tofaa itokee. Jambo hili halifuti nyimbo.

Nne, jaribu kompyuta nyingine. Hapa, wasikilizaji, tazameni ubaoni. iTunes ya kompyuta ngeni yaweza kukuuliza kama ikubali ERASE, yaani kufuta kila kitu na kuweka nyimbo zake. Kataa. Ili isianze kazi yenyewe, shikilia vitufe vya Ctrl na Shift unapounga waya, mpaka iPod ionekane. Kadhalika, iPod iliyotayarishwa kwa kompyuta ya Mac haisomeki katika Windows, na Windows yaweza kukuambia ufanye FORMAT. Nalo ni kufuta. Kataa.

Kama iPod inafanya kazi vizuri huko, kosa limo katika kompyuta ya kwanza. Izime, uiwashe tena. Isipopona, ondoa iTunes na uiweke upya. Kama inaganda huko pia, kosa ni la iPod.

Tano, okoa nyimbo. Huenda kompyuta ya zamani imekwisha kuharibika, na iPod ndiyo yenye nakala peke yake: nyimbo za arusi, au sauti ya mzazi aliyefariki iliyonakiliwa kutoka kaseti. Fanya hivi. Iamshe iPod kama tulivyosema. Tofaa likitokea tu, shikilia kitufe cha katikati pamoja na kitufe cha kupigia muziki, mpaka uone maneno Disk Mode. Sasa iPod imekuwa diski tu. Iunge, na iTunes ikijifungua, ifunge. Fungua iPod kama unavyofungua diski yoyote, uamuru vitu vilivyofichwa vionekane. Utaona folda iitwayo iPod_Control, na ndani yake nyingine iitwayo Music. Humo mna F00, F01, na kuendelea. Nakili folda moja moja. Faili moja ikikwama, iruke, uendelee. Usishangae kuona majina ya herufi nne tu. Jina la wimbo kwa kawaida limeandikwa ndani ya faili yenyewe, na iTunes italisoma baadaye.

Sita, na ya mwisho, ni RESTORE. Hii huitengeneza iPod upya, lakini hufuta vyote. Usiibonyeze kabla ya kucheza nyimbo chache kutoka katika nakala yako na kusikia kwamba ni nzima. Ikiwa baada ya hapo iPod bado inaganda, mpelekee fundi. Diski yaweza kubadilishwa. Sauti iliyofutwa huenda isirudi kamwe.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini iTunes huganda ingawa yenyewe si mbovu?
2. Kwa nini tunabadili kitu kimoja tu kila mara?
3. Someni kwa sauti maneno matatu yaliyo ubaoni. Kila moja hufanya nini?
4. Ni kazi gani lazima imalizike kabla ya RESTORE?

Kwa herini, wasikilizaji.