Je, Wajua? Uvimbe wa Matende Ni Majimaji Yaliyokosa Njia

Mnyoo jike aletaye matende ni mwembamba kama uzi, hufika sentimita 8 hadi 10, na huishi miaka 6 hadi 8 ndani ya mishipa ya limfu. Mishipa hiyo hukusanya majimaji yaliyovuja kutoka kwenye damu na kuyarudisha. Vilango vyake huyazuia yasishuke tena. Mnyoo akishaitanua mishipa, vilango havifungi, mguu hujaa. Bakteria nao hupenya kwenye ufa mdogo katikati ya vidole, na kila homa ya mtoki wanayoileta huuacha mguu mnene zaidi.

Vijiminyoo vya mnyoo huyo hujaa kwenye damu ya pembezoni usiku wa manane, mbu wa Culex wanaovieneza wanapouma. Ndiyo maana vipimo vya zamani vilichukuliwa usiku, watu wakiamshwa usingizini! Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, vyoo vya shimo vilimwagiwa punje za plastiki zinazoelea ili mbu wasizaliane, na wakazi wakapewa dawa.

Si kila mara mbu huhusika. Nyanda za juu za Ethiopia, chembe za udongo mwekundu wa volkano hupenya nyayo za watembeao peku na kuharibu mishipa ileile. Na aliyeondolewa tezi za kwapani kwa saratani ya matiti anaweza kuvimba mkono miaka kadhaa baadaye.