Nyumba ya Mitarakwa Kando ya Mto Sagana

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nanyuki hukutana na jina la Sagana mara mbili, na si ajabu akichanganyikiwa. Kwanza kuna mji wa Sagana, katika nchi ya chini yenye joto, wenye stesheni ya reli na mabwawa ya samaki. Kisha, akiisha kupita Karatina na kuanza kuihisi baridi ya mlima, karibu na Kiganjo upande wa Nyeri, iko nyumba iitwayo Sagana pia, imejificha pembezoni mwa msitu. Kiungo cha mahali hapa pawili ni mto. Maji yake hutoka Mlima Kenya, ambao Wagikuyu huuita Kirinyaga, hupita karibu na nyumba hiyo, kisha huteremka kuelekea mji ule na kuingia katika mto mkubwa wa Tana.

Habari hii ni ya ile nyumba ya juu, na ya jamaa moja ya mbali iliyopewa nyumba hiyo ipate mahali pa kupumzikia. Mwenye nyumba alikaa humo siku chache mno, hazikutimia hata juma moja, alipoitwa kwao kwa msiba. Hata hivyo jamaa yake haikuacha kuurudia mlima ule, baba, mtoto na mjukuu.

Wa kwanza kuja alikuwa Duke wa York, mtoto wa pili wa Mfalme George wa Tano. Alifika Kenya na mke wake mwezi wa Desemba, mwaka 1924, wakaenda safari ya kuwinda na kulala katika mahema. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba yeye atakuwa mfalme, maana kaka yake alikuwa hai na mwenye afya. Lakini mwaka 1936 kaka yake aliacha ufalme, na mwindaji yule wa mahemani akatawala kwa jina la George wa Sita. Mtoto wake wa kwanza, Binti Elizabeth, alizaliwa mwaka 1926, baada ya safari ile.

Binti huyo aliolewa na Philip, Duke wa Edinburgh, tarehe 20 Novemba 1947. Zawadi za arusi zilitoka pande zote za dola ya Uingereza. Koloni ya Kenya, iliyokuwa chini ya Gavana Sir Philip Mitchell, ilitoa nyumba. Ilijengwa kwa mbao za mitarakwa, mti wa milima yetu usioliwa upesi na mchwa, ikawekwa mahali ambapo sauti ya mto husikika na kilele cha mlima huonekana asubuhi kabla ya mawingu kukifunika.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Katika desturi ya Wagikuyu, shamba halikuwa la mtu mmoja kulitoa apendavyo. Lilikuwa la mbari, yaani watu wote wa ukoo, na mzee aliyelisimamia alikuwa mtunzaji tu. Mpaka ulipowekwa, wazee waliitwa washuhudie, na maua ya itoka yakapandwa kwenye mstari ili wajukuu wasije wakagombana. Katika zawadi ya Sagana mashahidi wa namna hiyo hawakuhitajika. Kwa sheria ya mwaka 1915 ardhi ya koloni ilihesabiwa kuwa mali ya Taji, na msitu ulikuwa chini ya Serikali. Basi zawadi ilikuwa halali mbele ya sheria, na waliooana hawakuwa na kosa lolote katika kuipokea. Lakini mtu mwenye kupeleka mbuzi wake malishoni karibu na msitu ule alikuwa na haki ya kujiuliza ni nani hasa aliyetoa, na alitoa cha nani.

Jambo lililofanya mto huo upendwe na wageni lilikuwa samaki aitwaye trauti. Yeye si mwenyeji wa nchi hii. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 kwa bidii ya Ewart Grogan, yule Mzungu aliyesifika kwa kutembea kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri, na samaki wakatiwa katika mto wa Gura, unaotoka milima ya Nyandarua. Trauti hawezi kuishi katika maji ya vuguvugu. Hutaka maji baridi yaendayo mbio juu ya mawe, yenye hewa nyingi. Mito ya Nyeri ikamfaa. Mwaka 1948 Serikali ilianzisha kituo cha kumzalisha huko Kiganjo, na mwaka huohuo mabwawa ya samaki wa maji ya joto yakaanzishwa katika ule mji wa Sagana wa chini, hata mto mmoja ukawa na shule mbili za samaki. Wagikuyu wa zamani hawakula samaki hata kidogo. Kwa mzee wa siku zile, kumwona mtu mzima mwenye mali amesimama kutwa ndani ya maji ya barafu, na fimbo mkononi, ili apate kitu ambacho hata mbwa hapewi, ulikuwa mchezo wa kustaajabisha sana.

Wala Binti Mfalme hakuwa wa kwanza kuchagua Nyeri kuwa mahali pa mapumziko. Bwana Eric Sherbrooke Walker alikwisha kujenga hoteli ya Outspan, na mwaka 1932 akajenga kibanda juu ya mti mkubwa wa mgumo ndani ya msitu wa Nyandarua, akakiita Treetops, ili wageni wawatazame wanyama wakija kunywa maji usiku. Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa Outspan tangu mwaka 1938 hata alipofariki tarehe 8 Januari 1941, naye amezikwa Nyeri. Baadaye nyumba hiyohiyo ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simba-marara wa Bara Hindi.

Mwanzo wa mwaka 1952 Mfalme George alikuwa mgonjwa, asiweze kufanya safari ndefu ya kuzuru nchi za dola yake. Binti yake na mumewe wakashika nafasi yake. Waliondoka London tarehe 31 Januari, na Mfalme mwenyewe akawasindikiza mpaka uwanja wa ndege. Kutoka Kenya walitazamiwa kwenda mpaka Australia na New Zealand, na siku za Sagana zilikuwa za kupumzika tu katikati ya kazi. Ndipo kwa mara ya kwanza walipoiona nyumba yao.

Tarehe 5 Februari, alasiri, walikwenda Treetops. Ndovu walikuwa karibu kabisa na mti walipowasili, na Binti Mfalme akapita kwa miguu bila kuonyesha hofu, akapanda ngazi. Corbett alikuwapo, naye alilinda juu ya mti usiku ule. Kulipokucha wageni walitazama tena wanyama kwenye maji, kisha wakarudi Sagana. Hawakujua kwamba katika saa zile za usiku Mfalme alikuwa amefariki akiwa usingizini, katika nyumba yake ya Sandringham.

Namna habari ilivyofika ni ya ajabu kwa watu wenye dola kubwa namna ile. Simu rasmi iliyotumwa kwa maneno ya siri haikufika. Mwandishi wa gazeti aliyekuwa Outspan ndiye aliyepata habari, akamwambia karani mkuu wa Binti Mfalme, Martin Charteris, naye akapiga simu Sagana. Msaidizi wa Duke, Mike Parker, hakutaka kuamini mpaka aliposikiliza redio. Kisha alimwamsha Duke, na Duke akamwambia mkewe. Wakatoka nje wawili wakatembea bustanini, karibu na mto, huku watu wa nyumbani wakiwatazama kwa mbali. Alipoulizwa atatawala kwa jina gani, alijibu kwamba kwa jina lake mwenyewe.

Jioni ileile motokaa zilikwenda Nanyuki. Wapiga picha waliokuwapo waliombwa wasipige picha, wakatii. Ndege ndogo ikawachukua mpaka Entebbe, na baada ya kucheleweshwa na dhoruba, ndege kubwa ikawapeleka Uingereza, wakafika tarehe 7 Februari. Nyumba ya mitarakwa ikabaki na watumishi wake, ikafungwa.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Serikali ya Koloni ilitangaza hali ya hatari. Msitu uliokuwa wa starehe ukawa wa vita. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha Kirinyaga na Nyandarua; watu wa Nyeri waliondolewa katika maboma yao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki, na mtu aliyeonekana pembeni mwa msitu bila ruhusa aliweza kupigwa risasi. Tarehe 27 Mei 1954 Treetops ilichomwa moto, na ule mgumo ukaungua pamoja na kibanda. Kingine kilijengwa mwaka 1957 ng'ambo ya maji yale. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Februari iliyofuata. Kaburi lake halikuonyeshwa jamaa zake, na wao pia ni jamaa ya pande hizi.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Philip mwenyewe alikuwapo Nairobi kumwakilisha Malkia. Nyumba ya Sagana ilirudishwa kwa Serikali ya Kenya, ikawa ikulu ndogo ya Rais. Kwa hiyo zawadi ya arusi ilikaa mikononi mwa wenyewe kwa muda wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, na sehemu kubwa ya muda huo ilikaa bila wao. Tangu hapo jina la Sagana limekuwa la siasa zaidi kuliko la uvuvi. Tarehe 23 Februari 2022, kwa mfano, Rais Uhuru Kenyatta aliwakusanya viongozi na watu wa nchi za mlima papo hapo, akawaeleza ni nani amtakaye awe mrithi wake. Wengi walimsikiliza kwa adabu, kisha wakapiga kura kwa namna nyingine.

Malkia Elizabeth alirudi Kenya rasmi Novemba 1983, akafika tena Treetops, ambapo mti aliopanda akiwa binti wa miaka ishirini na mitano haukuwapo tena. Lakini mjukuu wake William, alipomaliza shule, alikuja kukaa katika nchi ya Lewa, kaskazini ya mlima, akaipenda. Oktoba 2010 alirudi na mchumba wake, Kate Middleton. Hawakulala katika ikulu yoyote. Walikwenda Rutundu, juu kabisa kwenye mteremko wa Mlima Kenya, penye ziwa dogo na vibanda vya magogo visivyokuwa na umeme. Mgeni huota moto wa kuni na kuwasha mishumaa. William alikuwa ameficha pete katika mkoba wake kwa muda wa majuma kadhaa, pete iliyokuwa ya marehemu mama yake Diana, na katika safari hiyo ya mlimani akamposa. Katika kitabu cha wageni bibi huyo aliandika shukrani zake kwa moto na mishumaa, akasema pia kwamba walijaribu kuvua na samaki hawakupata hata mmoja.

Watu wa Nyeri hawakutafuta kurudishiwa nyumba tu. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa katika miaka ya hali ya hatari, wengi wao wakiwa wazee waliotembelea fimbo, nayo ikaeleza majuto yake. Malkia alifariki tarehe 8 Septemba 2022. Mwanawe, Mfalme Charles, alifika Kenya tarehe 31 Oktoba 2023. Katika hotuba yake Nairobi aliitaja habari ya mama yake kuwa Malkia akiwa katika nchi hii, na ya mwanawe kuposa mbele ya Mlima Kenya. Alitaja pia maovu yaliyotendwa dhidi ya Wakenya waliopigania uhuru, akasema anayasikitikia na kuyajutia sana, ingawa hakuomba radhi kwa neno lenyewe, na wengi waliokuwa wakilingojea walilisikia pengo hilo.

Kutoka Nairobi alikwenda Mombasa, na kutoka Mombasa akarudi kwao. Sagana hakufika.