CHUJIO LA KACHKANAR LAFUFULIWA

Mji wa Kachkanar uko katika milima ya Ural, Urusi, na unajulikana kwa machimbo ya chuma. Lakini hapo hapo kilikuwapo kiwanda cha Formanta. Tangu mwaka 1982 hadi 1990, enzi za Kisovieti, wafanyakazi wake walitengeneza kinanda cha umeme kiitwacho Polivoks. Mbunifu wake alikuwa mhandisi Vladimir Kuzmin. Umbo la nje lilichorwa na mkewe, Olimpiada.

Kinanda cha namna hii hutoa kwanza sauti nene yenye makali mengi, kisha chujio huondoa makali ya juu na kubakiza kile anachokitaka mpigaji. Machujio mengi hutegemea kapasita zilizopangwa kwenye kibao. Kuzmin hakuziweka. Alichukua chipu mbili za K140UD12, ambazo kasi yake hutegemea mkondo mdogo zinaopewa. Ukiupunguza mkondo, chipu inakuwa nzito, haiwezi kufuata mitetemo ya haraka, na sauti za juu zinapotea. Ukiuongeza, zinarudi. Jambo ambalo sisi mafundi tungeliita udhaifu wa chipu, yeye alilifanya ndilo kazi yenyewe. Na sauti ikirudishwa ndani ya chujio hilo, hulia na kukwaruza kwa ukali ambao wanamuziki wanautafuta mpaka leo.

Ndiyo maana mafundi wa siku hizi hulitengeneza peke yake, bila kinanda, kama moduli: kibao chenye kimo cha milimita 128.5, kinachofungwa kwenye fremu pamoja na wenzake na kuunganishwa nao kwa waya. Mpango huo wa moduli ulianzishwa na Doepfer wa Ujerumani katika miaka ya 1990. Huko Riga, Latvia, Erica Synths wametengeneza chujio hili kwa chipu zile zile za Kisovieti. Kampuni ya Marekani, The Harvestman, ilitengeneza lake kwa kuelewana na Kuzmin mwenyewe. Tunaipongeza kwa hilo, maana katika biashara hii mchoro ukishaenea, jina la aliyeuchora ndilo hupotea kwanza.

Shida iko kwenye chipu. Zilizopo ni masalio ya akiba ya zamani. Ziko za nchi nyingine zinazokaribiana nazo, kama LM4250, lakini hata chipu mbili za boksi moja hazilingani kabisa. Basi fundi huchomeka, husikiliza, huchomoa, huchomeka nyingine, mpaka sikio liridhike. Kazi hiyo haimo kwenye mchoro, na mara nyingi haimo kwenye bei.

Na wale waliolehemu Polivoks za kwanza? Majina yao hatujayaona kwenye moduli yoyote. Karatasi ya maelezo inayouzwa pamoja na moduli ina nafasi ya kutosha. Ingefaa walau iutaje mji wa Kachkanar na kiwanda chao.