Mbwa Mpole wa Ucheki

Katika nchi za Ulaya wako mbwa wadogo waitwao teria. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, maana kazi yao ya asili ilikuwa kuingia mashimoni na kuwafukuza mbweha na wanyama wengine wakaao chini. Kazi hiyo yataka ushujaa. Kwa hiyo teria wengi ni wepesi wa kubweka na wepesi wa kugombana. Lakini yuko mmoja kati yao asifiwaye kwa utulivu, naye ni teria wa Ucheki. Na tutazame utulivu huo umetoka wapi, na jinsi unavyotunzwa.

Katika mwaka 1949 nchi hiyo ilikuwa ingali sehemu ya Chekoslovakia. Bwana mmoja, jina lake František Horák, alikaa Klánovice, karibu na mji wa Prague. Alikuwa mwindaji, tena alijifunza elimu ya urithi, yaani jinsi watoto wanavyopata tabia na umbo la wazazi wao. Alitaka mbwa shujaa, mwenye kifua chembamba cha kupita katika mashimo ya kwao, na mwenye moyo mpole ili aongozeke kwa urahisi. Basi akamchanganya jike wa teria wa Scotland na dume wa teria wa Sealyham, ambao asili yao ni Wales. Kati ya watoto waliozaliwa, aliwachagua wenye sifa alizozitaka, akawafanya wazazi wa kizazi kilichofuata. Hivyo aliendelea kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1959 mbwa hao walionyeshwa mbele ya watu mara ya kwanza, na mwaka 1963 shirikisho la kimataifa la wafuga mbwa liliwakubali kuwa aina kamili. Kazi hiyo ilichukua miaka 14. Mvumilivu hula mbivu.

Mbwa huyu ana miguu mifupi, masikio yaliyoinama, ndevu na nyusi ndefu. Kimo chake ni sentimita 25 mpaka 32, na uzito wake ni kilo 6 mpaka 10. Wengi huzaliwa weusi, kisha hugeuka rangi ya kijivu kadiri wanavyokua.

Mtu asidhani kwamba mnyama mtulivu hahitaji kazi. Mbegu njema ikitupwa katika shamba lisilolimwa haileti mavuno. Na mbwa wa ukoo mpole akifungiwa peke yake mchana kutwa, atafukua ardhi na kubweka kwa uchungu. Yapasa atembezwe kila siku, naye afungwe kamba, kwa sababu damu ya uwindaji ingali ndani yake, na akiona panya au sungura atamfuata mbio bila kutazama njia. Kwa kuwa huwaonea wageni haya, azoezwe kukutana na watu tangu udogo wake. Samaki mkunje angali mbichi. Afundishwe kwa sauti ya upole na kwa kutuzwa. Fimbo humfundisha woga tu, na mbwa mwoga huweza kuuma.

Nywele zake ni laini, zenye mawimbi. Zichanwe mara mbili kwa juma zisisokotane, na zikatwe kila baada ya majuma machache, lakini ndevu na nyusi huachwa. Chakula chake kipimwe. Mbwa huyu apenda sana kula, na akinenepa mgongo wake mrefu na miguu yake mifupi hupata taabu. Asipewe vitunguu, zabibu wala chakuleti, maana ni sumu kwake. Wala asipewe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Maji safi yasikose kamwe.

Liko jambo moja lisilosahauliwa kwa mbwa ye yote, awe wa Ulaya au wa kijijini kwetu: achanjwe kuzuia kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikiisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku ile ile, upate chanjo.

Teria wa Ucheki huweza kuishi miaka 12 mpaka 15. Mtoto ampataye akiwa na miaka 10 atakuwa mtu mzima mbwa wake atakapokuwa mzee, mwenye macho hafifu na mwendo wa taratibu. Siku hizo ndizo zimpimazo mwenye mbwa. Kumpenda mtoto wa mbwa achezaye ni rahisi. Kumlisha na kumsafisha mbwa mzee asiyeweza tena kucheza ni kazi ya moyo. Mwanadamu ndiye aliyemfanya mnyama huyu awe mpole na kumtegemea. Basi hana ruhusa ya kumtupa. Mwenyezi Mungu ametupa mamlaka juu ya wanyama, lakini mamlaka yasiyo na huruma ni udhalimu.