Kanzidata inapogoma siku ya malipo: Soma namba kabla ya kuita fundi

SIKU ya malipo ya pili ya kahawa imefika. Tangu asubuhi wakulima wamekaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya chama cha ushirika, stakabadhi mkononi. Ndani, karani anafungua programu ya Access kwenye kompyuta ya mezani ili achapishe orodha ya malipo. Badala ya majina na kilo, anaona kisanduku chenye maneno ya Kiingereza: muunganisho umeshindikana.

Hali hii inaweza kuikuta ofisi yoyote iliyokua, iwe chama cha ushirika, duka la pembejeo au kiwanda cha maziwa. Wengi huanza na Access pekee, programu ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1992. Lakini faili moja la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na likitumiwa na watu wengi kwa pamoja huharibika kwa urahisi. Ndipo kumbukumbu huhamishiwa kwenye seva, mara nyingi SQL Server, na Access hubaki dirisha la kuingizia na kusomea.

Kati ya dirisha hilo na ghala la kumbukumbu yupo mkalimani aitwaye ODBC. Muunganisho unaposhindikana, yeye ndiye anayetoa namba ya kosa. Kwa bahati mbaya, wengi hubonyeza kufunga kisanduku bila kuisoma, kisha huanza kufuta programu na kuziweka upya. Kumbe namba hiyo inaeleza safari imekwama wapi. Kama kisanduku hakionyeshi namba, fungua dirisha la ODBC la Windows na ujaribu muunganisho kutokea huko.

Kosa likiwa ndani ya kompyuta yako

Namba ikianza na IM, hujatoka hata nje ya ofisi yako. IM002 ina maana kwamba jina la muunganisho au draiva yake haipo kwenye kompyuta hiyo. Hutokea sana baada ya kununua kompyuta mpya. IM014 ina maana kwamba Access na muunganisho havilingani: kimoja ni cha biti 32 na kingine cha biti 64. Windows ya biti 64 ina madirisha mawili ya ODBC. Kinachoamua utumie lipi ni aina ya Access yako, si aina ya Windows.

Kosa likiwa njiani

Namba 08001 inasema mazungumzo na seva hayakuweza kuanza. Kwanza muulize jirani yako. Kama wote wamekwama, tatizo liko upande wa seva. Kama ni wewe peke yako, angalia waya na kompyuta yako. Umeme ukikatika na kurudi, seva inaweza kupewa anwani mpya ya mtandao huku Access ikiendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Dawa yake ni kuipa seva anwani isiyobadilika.

Ukiipigia seva hodi kwa amri ya ping na ikaitika, usishangilie mapema. Hiyo inaonyesha kompyuta iko hai, si kwamba kanzidata imefungua mlango. SQL Server kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 1433, na programu ya ulinzi ya Windows inaweza kuufunga. Toleo la bure la Express huwekwa likiwa limezima TCP/IP, hivyo lazima uiwashe kisha uanzishe huduma upya.

Kama kosa limeanza baada ya kuweka draiva namba 18, iliyotoka mwaka 2022, huenda sababu ni cheti cha usalama. Draiva hiyo hudai mawasiliano yafichwe, na seva nyingi za ofisi ndogo hazina cheti kinachotambulika.

Kosa likiwa kwenye ufunguo

Namba 28000, ikiambatana na 18456, ni habari njema kidogo: umefika mlangoni, ila ufunguo umekataa. Hakiki jina na neno la siri. Angalia pia kama seva inapokea watumiaji wa Windows pekee. Usikubali njia ya mkato ya kumpa kila karani akaunti kuu iitwayo sa, kwa maana anayeishika anaweza kufuta hesabu zote za wanachama.

Wakati mwingine unaingia, unasoma, lakini huwezi kuandika. Hapo angalia kama jedwali lina ufunguo mkuu, yaani safu inayotofautisha kila mstari na mwingine. Bila huo, Access hulifungua kwa kusoma tu.

Ushauri kwa katibu meneja

Andika kwenye karatasi anwani ya seva, jina la kanzidata, aina ya Access na toleo la draiva, uiweke kabatini. Maneno ya siri yahifadhiwe kando, mahali pa kufungwa. Mlango 1433 usifunguliwe kwenye intaneti. Na jaribu muunganisho siku moja kabla ya malipo. Mkulima aliyetembea tangu alfajiri hajui seva ni nini. Anajua tu kwamba chama kilimwahidi fedha zake leo.