Garanti iko mbali, kazi iko Kolwezi

Kingamyambo, pembezoni mwa Kolwezi, kampuni ya Metalkol inachakata upya mabaki ya madini yaliyomwagwa huko tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni. Pamoja na mabaki ya bonde la Musonoi, mwanzoni yalikuwa zaidi ya tani milioni 100 za matope yenye shaba na kobalti ambayo mitambo ya zamani ilishindwa kuyakamua. Maji ya shinikizo huyabomoa, pampu huyavuta, mabomba huyapeleka kiwandani. Mabomba hayo yameungwa kwa flanji na nati, na nati zikiganda hukatwa na grinda. Shaba ya jimbo hili la Lualaba hupimwa kwa maelfu ya tani, lakini zamu nzima ya matengenezo inaweza kukwama kwa sababu ya mashine ya kilo mbili na nusu.

Soko la mashine hizo za mkononi ni pana. Wapo wanaohudumia migodi mikubwa: KCC na Mutanda za Glencore, Tenke Fungurume ya CMOC, Kamoa-Kakula iliyoanza kutoa shaba mwaka 2021. Wapo wajenzi, na zipo karakana za kulehemu za Manika na Dilala. Wote wanazijua Bosch, Makita, DeWalt na Hilti, na wote wanajua bei zake. Wengi wakiulizwa garanti ya mashine hizo inafanyia kazi wapi, jibu huchelewa.

Kwa mashine kubwa swali hilo limeshajibiwa. Anayenunua lori la Caterpillar, au mtambo wa kutoboa miamba wa Epiroc au Sandvik, ananunua pia mafundi waliofunzwa na stoo ya vipuri, kwa kuwa makampuni haya yamejenga huduma zao huku huku kwenye ukanda wa shaba. Mtambo wa mamilioni ya dola unabeba gharama hiyo bila shida. Grinda ya dola 200 haiwezi kuleta fundi kutoka ng'ambo.

Muuzaji bila karakana

Sheria nambari 17/001 ya Februari 8, 2017 iliwaachia Wakongo kazi za ukandarasi mdogo: kampuni inayouzia mgodi huduma au vifaa lazima iwe na makao nchini na mtaji wake mwingi uwe wa Wakongo. Mamlaka ya ARSP ndiyo inayosimamia. Lengo lilikuwa pesa ya migodi ibaki nchini, na ni lengo la haki. Lakini kwenye biashara ya zana sheria hiyo imezua kiungo kipya: msambazaji anayeshinda zabuni ya grinda hamsini, akazinunua Johannesburg, Dubai au Guangzhou, akazipitisha mpaka wa Kasumbalesa na kuzikabidhi getini. Karakana hana, mkataba na mtengenezaji hana, na faktire yake ya ununuzi ina jina la duka la nchi nyingine.

Hapo ndipo garanti hukatika. Kwa chapa nyingi za hali ya juu, garanti hutumika katika nchi au kanda ilikouzwa mashine, kwa risiti ya muuzaji anayetambuliwa. Bosch na Makita huko Ulaya hurefusha muda hadi miaka mitatu kwa mnunuzi aliyesajili mashine yake mapema. Anayeinunua Kolwezi kutoka mkono wa tatu hayumo kwenye hesabu hiyo, hata kama kibandiko cha miaka mitatu bado kimo kwenye sanduku.

Meza ya fundi

Hata garanti iliyo halali ina mlango mwembamba. Kaboni za mota, waya wa umeme na taya za drili huhesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa, kwa hiyo havimo. Grinda iliyofia kazini ikifunguliwa kwenye kituo cha huduma, fundi hutazama sehemu mbili: rota inayozunguka na koili zinazoizunguka. Koili za upande mmoja zikiwa zimeungua na nyingine ziko safi, kasoro ya kiwandani inawezekana. Zikiwa zimeungua zote, nyeusi sawasawa, yeye huandika neno moja, kwamba mashine ilizidishiwa kazi, na mteja hulipa.

Kolwezi huzalisha koili nyeusi kwa urahisi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukishuka, au jenereta ikiwa ndogo, au waya wa kurefusha ukiwa mwembamba, mota huzunguka polepole. Feni yake hupoza kidogo, mtumiaji hukandamiza zaidi, na moto hupanda. Vumbi jekundu humalizia beringi. Kasoro ya umeme wa mji inasomeka kama kosa la mteja.

Basi mashine huenda kwa fundi wa mtaani, anayesuka mota upya kwa waya wa shaba. Ujuzi huo una mizizi ya muda mrefu katika mji huu wa Gécamines, kampuni ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliagana na zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Lakini mara tu fundi asiyetambuliwa anapofungua skrubu za kwanza, garanti hufa. Mteja anachagua: asubiri wiki kadhaa, au aendelee na kazi kesho na kupoteza haki yake. Karibu kila mara huchagua kesho.

Nafasi ya fundi huyo nayo inapungua. Mashine mpya zisizo na kaboni huendeshwa na bodi ya elektroniki iliyozamishwa kwenye gundi ngumu. Ikiungua haisukwi, inabadilishwa nzima, na ya kubadilishia lazima iwe imeagizwa.

Betri isiyorudi

Kongo inatoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba. Betri ya volti 18 ya drili nzuri, ile ya ampea-saa 5, kwa kawaida ina seli kumi za lithiamu, na seli za aina hiyo mara nyingi zina kobalti. Madini huondoka hapa kwa malori, hugeuka betri Asia, kisha hurudi na bei mpya. Ikiharibika ndani ya muda wa garanti, kuirudisha ni mtihani: tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na betri mbovu yenye hatari ya kuwaka hairuhusiwi kwenye ndege yoyote. Inabaki barabara na mipaka yake. Kwa betri, garanti yenye maana ni ya muuzaji mwenye betri nyingine rafuni, ambaye ataibadilisha papo hapo na kumalizana na mtengenezaji mwenyewe.

Hesabu ya mnunuzi

Tuchukue mfano. Grinda ya chapa kubwa ni dola 220, ya bei nafuu ni dola 60. Ya kwanza ikiharibika na kuchukua wiki sita kurudi, mkandarasi hawezi kukaa bila mashine, hivyo atanunua nyingine. Kwa dola 220 zilezile angepata tatu za bei nafuu na kubakiwa na 40. Msemo wa rahisi ghali unategemea kitu kimoja: ile ghali iwe kazini. Chapa za Kichina kama Ingco na Total zimeenea Afrika, na si kwa sababu wanunuzi hawajui ubora. Mara nyingi wamepiga hesabu hii.

Mnunuzi ana silaha asiyoitumia. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya Kiafrika ya sheria za biashara, mwaka 2012, na sheria ya biashara ya jumuiya hiyo inampa mfanyabiashara aliyenunua kwa mfanyabiashara mwenzake mwaka mmoja wa kudai kasoro iliyofichika, tangu ilipoonekana au ilipopaswa kuonekana. Kasoro inayoonekana wazi ana mwezi mmoja tu kuitaja. Anayedaiwa ni muuzaji aliyetoa faktire, hata kama mtengenezaji yuko Ujerumani au Japani. Kwa hiyo sanduku lifunguliwe siku ya kupokelewa, namba ya mashine iandikwe kwenye faktire, na mashine ijaribiwe mbele ya aliyeileta.

Migodi ina uwezo mkubwa zaidi. Zabuni inayopima bei peke yake itaendelea kumpa ushindi msambazaji asiye na karakana. Ikidai orodha ya vipuri vilivyoko Kolwezi, muda wa juu wa matengenezo na mashine ya akiba wakati wa kusubiri, Mkongo mwenye mtaji atakuwa na sababu ya kufungua karakana na kumwajiri yule msuka mota. Hilti kwingineko hukodisha zana kwa ada ya kila mwezi, matengenezo yakiwa ndani. Mfumo kama huo unaweza kuendeshwa na kampuni ya hapa. Reli ya kutoka bandari ya Lobito, Angola, itakapobeba mizigo mingi zaidi kuja Kolwezi, vipuri vitapata njia nyingine, ila reli haina stoo wala fundi. Atakayeweka stoo na fundi hapa kwanza atauza mashine ya dola 220 bila kubishana sana na mtu.