Wino wa bei nafuu: Kabla hujajaza, jua kichwa cha printa yako kiko wapi

Butiama. Sema ni Jumapili, saa moja jioni, katika nyumba moja ya Kiabakari, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Mtoto wa darasa la saba anakuja na simu mkononi. Mwalimu wa hisabati ametuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kurasa sita za maswali ya maumbo, na kesho asubuhi kila mwanafunzi aende nazo zikiwa zimechapishwa. Maswali ya maneno matupu yangenakiliwa kwenye daftari. Pembetatu na duara zenye vipimo vyake zinataka karatasi.

Steshenari ya senta imeshafungwa. Printa ipo mezani, HP ndogo ya nyumbani, lakini kurasa zinatoka nyeupe zenye michirizi. Katriji halisi ni hadi Musoma au Bunda, na nauli ya kwenda na kurudi inaongezeka juu ya bei. Kwenye droo kuna chupa ya wino mweusi na sindano, zilizonunuliwa kwa machinga kwa bei isiyofika robo ya katriji.

“Mama watoto, huo wino utaiua mashine,” anasema baba.

“Baba watoto, kwani sasa hivi iko hai?” anajibu mama.

Mazungumzo ya namna hii ni ya kawaida katika nyumba zenye printa. Baba ana hoja, kwa kuwa zipo printa zilizokufa kwa kujazwa wino usio wake. Mama naye ana hoja, maana zipo ambazo zimekula wino wa kujaza kwa miaka na bado zinachapa. Tofauti ipo kwenye jambo ambalo muuza duka ni nadra kumweleza mteja.

Kwanza hesabu

Printa ndogo za wino huuzwa kwa bei ya kuvutia, na kampuni hurudisha faida yake kwenye katriji. Huo ndio mpango wa biashara hiyo.

Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123, inayotumika kwenye printa nyingi za DeskJet zinazouzwa Afrika, imepangiwa kutoa kurasa zipatazo 120. Chupa nyeusi ya Epson 103, ya printa zenye tangi la kumiminia wino, ina mililita 65 na imepangiwa kurasa zipatazo 4,500. Kurasa hizo hupimwa kwa karatasi zenye maandishi machache. Picha ya ramani au katuni ya kupaka rangi hula zaidi.

Tufanye mfano tu, kwa kuwa bei hutofautiana duka kwa duka. Kama katriji ya kurasa 120 na chupa ya kurasa 4,500 zote zingeuzwa Sh30,000, ukurasa wa katriji ungekuwa Sh250 na ule wa chupa usingefika Sh7. Ndiyo maana printa ya tangi, ambayo Epson ilianza kuiuza Indonesia mwaka 2010, ni ghali siku ya kuinunua na rahisi siku zote zinazofuata. Mzazi anayechapa kurasa 20 kwa mwezi hana haja nayo, na pengine hana haja hata ya printa. Steshenari itamtosha. Mwenye watoto watatu shuleni na kurasa 200 kwa mwezi anapoteza fedha kila anaponunua katriji ndogo, na ndiye anayeishia kwenye chupa na sindano.

Mbadala si bandia

Sokoni maneno haya huchanganywa, na mchanganyiko huo humwumiza mnunuzi. Wino mbadala ni wa kampuni nyingine, umeandikwa jina la kampuni hiyo, na unasema wazi kwamba unafaa printa fulani. Huo ni bidhaa halali. Wino bandia ni ule uliovishwa boksi na nembo ya HP, Canon au Epson ilhali haukutoka huko. Huo ni udanganyifu, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inaukataza. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini.

Tofauti hiyo ina maana mfukoni. Anayenunua mbadala amelipa bei ya mbadala huku akijua anachonunua. Anayenunua bandia amelipa bei ya halisi, akapata kitu asichojua kimetoka wapi. Boksi lenye maandishi yaliyofifia, herufi zilizokosewa au utepe wa kufungia uliogandishwa upya linatosha kumfanya mtu arudishe mkono. Risiti ya EFD nayo idaiwe, maana bila risiti mteja hana pa kuanzia akirudi dukani.

Kichwa kiko wapi?

Kila printa ya wino ina kichwa, kipande chenye vitundu vidogo kuliko unywele vinavyorusha matone kwenye karatasi. Kwenye HP nyingi ndogo za nyumbani, zikiwemo zinazotumia katriji za 123 na 652, na kwenye Canon zinazotumia PG-445 na CL-446, kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe. Ukiitoa na kuigeuza utaona bamba dogo linalong’aa. Hicho ndicho kichwa.

Kwenye Epson kichwa kimo ndani ya mashine, na katriji au tangi ni chombo cha kuhifadhia wino tu.

Hapo ndipo ubishi wa baba na mama unapoamuliwa. Kichwa kikiwa kwenye katriji, wino mbaya ukikiziba umepoteza katriji, ambayo pengine ilikuwa imekwisha tayari. Unanunua nyingine, na mashine inakuwa na kichwa kipya. Kichwa kikiwa kwenye mashine, wino mbaya umeziba kiungo ambacho kukibadilisha kunaweza kukaribia bei ya printa nzima. Kwa hiyo mwenye HP ndogo anaweza kujaribu wino wa kujaza kwa hasara inayojulikana. Mwenye Epson ya tangi anapaswa kuwa mgumu zaidi, tena yeye ndiye ambaye wino wake halisi tayari ni rahisi kwa kila ukurasa. Kumwekea mashine ya namna hiyo wino usiojulikana ili kuokoa elfu chache ni kubahatisha kusiko na faida.

Wino si maji yenye rangi tu

Wino wa printa uko wa aina mbili. Mmoja ni rangi iliyoyeyuka kabisa kwenye kimiminika, kama rangi ya juisi ya unga. Mwingine una chembechembe ndogo sana zinazoelea, kama chokaa iliyokorogwa kwenye maji, na unaitwa wino wa pigmenti. Wa kuyeyuka hung’arisha picha lakini karatasi ikilowa herufi hutiririka, na jua huufifisha. Wa pigmenti hukaa juu ya karatasi, herufi zake huwa kali na hustahimili maji.

Katriji nyeusi za HP 123 na 652 zimetengenezwa kwa wino wa pigmenti. Herufi PG kwenye katriji nyeusi ya Canon huashiria jambo hilohilo. Lakini Epson za tangi za nyumbani zinazotumia chupa za 103 zina wino wa kuyeyuka kwenye rangi zote nne, mweusi ukiwemo.

Sasa fikiria chupa moja iliyoandikwa kwamba inafaa printa zote. Haiwezi kuwa aina mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi huwa wa kuyeyuka. Ukiutia kwenye HP, printa itachapa, ila herufi zitasambaa kidogo kwenye karatasi na tone la mvua litazifuta. Kosa la kinyume ni baya zaidi: wino wa pigmenti kwenye Epson iliyoundwa kwa wino wa kuyeyuka unaweza kuganda kwenye vitundu, na hapo kichwa ni cha mashine. Swali la kumwuliza muuzaji, basi, ni hili: wino huu ni wa kuyeyuka au wa pigmenti, na ni wa namba gani ya katriji? Akijibu kwamba wino ni wino tu, nenda duka la pili.

Kujaza bila kuharibu

Wanaojaza katriji za HP na Canon hukosea mara nyingi kwa kuchelewa. Wino unapopita kwenye kichwa cha aina hii ndio unaokipoza, kwa sababu kinafanya kazi kwa kupasha moto. Ukiendelea kulazimisha kuchapa wakati katriji ni kavu, unakiunguza, na hakuna wino utakaokifufua. Kurasa zikianza kufifia, simama hapo na ujaze.

Matundu ya kujazia yako juu, chini ya stika. Wino uingie polepole, kwa kuwa ndani kuna sponji inayohitaji muda wa kunyonya. Ukiuona unapanda kwenye tundu, acha na unyonye kidogo kurudisha. Katriji ya rangi ina vyumba vitatu, na mpangilio wake haufanani kwa kila aina, kwa hiyo chomeka njiti ya meno kwenye kila tundu uone rangi inayotoka nayo kabla ya kutia chochote. Rangi mbili zikichanganyika ndani, hazitenganishwi. Mwishoni futa bamba la kichwa kwa kitambaa laini chenye unyevu, bila kusugua.

Printa itaendelea kusema wino umekwisha, kwa kuwa inahesabu matone na haioni ndani. Kwenye HP za aina hii, bonyeza kukubali na kazi inaendelea. Kwenye Canon nyingi ndogo, kitufe cha kusimamisha hushikiliwa kwa sekunde tano au zaidi ili mashine iache kuhesabu. Kazi hii ifanywe juu ya magazeti ya zamani, mbali na watoto wadogo na mbali na sare ya shule.

Kosa ambalo wino husingiziwa

Printa nyingi zinazosemekana kuuawa na wino mbadala zimeuawa na swichi ya ukutani. Ukizima printa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kufunikwa ili kisikauke. Ukizima kwa kuchomoa waya au kwa swichi ya ekstensheni, kichwa kinaweza kubaki wazi katikati ya njia. Umeme ukikatika ghafla huwa hivyohivyo, kwa hiyo ukirudi iwashe printa, iache itulie, kisha uizime kwa kitufe chake. Katika chumba cha bati msimu wa kiangazi, kichwa kilicho wazi hakihitaji siku nyingi kukauka.

Kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki hukilinda. Kusafisha kichwa kwa kutumia menyu ya mashine kunasaidia pia, lakini kunakula wino mwingi, na kurudia mara tano mfululizo ni kumwaga fedha. Kwa nyumba za sola printa ya wino bado ina nafasi yake, kwa sababu hutumia umeme mdogo sana wakati printa ya leza huvuta mamia ya wati inapopasha moto.

Mashine inapokataa

Kuna kikwazo kingine, nacho ni chipu iliyo kwenye katriji. Septemba 13, mwaka 2016, watu wengi wenye printa za HP OfficeJet waliamka wakakuta mashine zao zinakataa katriji mbadala zilizokuwa zikifanya kazi. Programu ya ndani ya mashine ilikuwa imewekewa tarehe hiyo mapema. HP iliomba radhi Septemba 28 mwaka huohuo, na baadaye ikatoa programu ya kuondoa kizuizi kwa mashine hizo, ingawa haikuacha mpango wenyewe. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya Euro milioni 10, kwa kutowaeleza wanunuzi vya kutosha kuhusu vizuizi hivyo. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua Mei 30, 2017, kwamba kampuni ya Lexmark ikishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha, na mwingine anaweza kuijaza na kuiuza tena.

Chipu yenyewe si lazima ili wino utoke. Januari 2022, chipu zilipoadimika duniani, Canon ya Ujerumani iliwaeleza wateja wake namna ya kupita onyo la mashine za ofisi ili watumie katriji halisi zisizo na chipu.

Kwa mzazi wa hapa, haya yana maana mbili. Anayetumia wino mbadala na mashine yake inakubali, azime usasishaji wa programu wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya printa. Na anayeletewa printa na ndugu kutoka Dubai, Muscat au Ulaya aulize kwanza namba ya katriji, kwa kuwa kampuni kadhaa, HP ikiwamo, hugawa katriji kwa kanda za dunia. Katriji halisi iliyonunuliwa Tanzania inaweza kukataliwa na mashine halisi iliyotoka nje.

Kwa ile nyumba ya Kiabakari, Jumapili jioni, jibu si gumu. Mashine ni HP, kichwa kimo kwenye katriji, na katriji imekwisha. Wino wa kwenye droo ni wa kuyeyuka, hivyo haufai kwa barua ya maombi wala hati yoyote ya kutunzwa. Hizo zingoje leza ya steshenari. Ila maswali ya maumbo yatasahihishwa kesho na kutupwa mwisho wa muhula. Mama anaweza kujaza, taratibu, akaiacha katriji itulie kidogo kabla ya kuirudisha, na kurasa sita zikatoka kabla ya chakula cha usiku. Asubuhi mtoto azibebe ndani ya faili la plastiki, si mkononi, kwa sababu mvua ikimkuta njiani zile pembetatu hazitafika shuleni.